Muindi Mbingu: Aliyewaongoza Wakamba kutetea ng'ombe na malisho yao

WENGI wa wapitao katikati ya jiji la Nairobi hulitaja jina la Muindi Mbingu wanapoelekezana njia, na baadhi yao hawafikirii kwamba lilikuwa jina la mtu. Barabara inayolibeba hupita kando ya bustani ya Jeevanjee na mbele ya soko kuu la jiji, ambako wauza nyama wametundika mapaja ya ng'ombe tangu enzi za ukoloni. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayofaa. Mtu aliyepewa barabara hiyo aliingia katika historia ya Kenya kwa sababu ya ng'ombe, na hasa kwa sababu alikataa ng'ombe wa watu wake wageuzwe nyama kwa amri ya serikali.

Samuel Muindi Mbingu alitoka Ngelani, katika vilima vilivyo karibu na mji wa Machakos. Wilaya ya Machakos ya wakati huo ilikuwa kubwa kuliko Machakos ya leo, kwa kuwa ilijumuisha nchi yote ya Makueni hadi Kibwezi na Makindu. Makueni haikupata wilaya yake yenyewe hadi mwaka 1992. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mto Athi na uwanda mrefu wa Yatta, ilikuwapo wilaya ya Kitui, ambayo watu wake ni Wakamba vilevile, wenye mifugo vilevile, na wenye kulitazama wingu moja kila msimu wa mvua.

Ili kumfahamu Muindi Mbingu yapasa kwanza kufahamu ng'ombe alikuwa nini kwa Mkamba wa miaka ya 1930. Mvua ya Ukambani huja mara mbili kwa mwaka, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, na mara nyingi moja kati ya hizo mbili hukosekana. Ile ya mwisho wa mwaka ndiyo wakulima huitegemea zaidi. Mahindi na mtama vikikauka shambani, ng'ombe ndiye ghala lililobaki. Alitoa maziwa yaliyotikiswa kibuyuni kuwa siagi, alilipwa kwa mahari, aliuzwa kununulia chakula, na mavi yake yalirudishwa shambani. Wazee wa wakati huo walikuwa bado wanaikumbuka Ngomanisye, njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, iliyofika baada ya tauni ya mifugo kufagia mazizi ya Afrika Mashariki. Waliojifunza kutokana na maafa hayo walijifunza jambo moja: asiye na ng'ombe wa kutosha hufa wa kwanza.

Kilichobadilika baada ya hapo kilikuwa nafasi. Serikali ya kikoloni ilipochora mipaka ya hifadhi za Waafrika, vilima vya Mua vilivyo jirani kabisa na Ngelani vilitengewa walowezi wa Kizungu. Nyanda za Athi, ambako mifugo ilikuwa ikishuka wakati wa kiangazi, zilikwenda njia hiyo hiyo. Yatta iligeuzwa kuwa ardhi ya serikali, na malisho ya huko yakawa ya kuombwa. Watu waliongezeka, ng'ombe wakaongezeka, na ardhi ikapungua. Kwa mtazamo wa mfugaji wa Ngelani, ambaye angeweza kusimama mlangoni pake na kuona nyasi za mlowezi zikiwa nzima upande wa pili wa mpaka, hesabu hiyo haikuhitaji mtaalamu.

Lipo na jambo la soko. Kwa miaka mingi serikali iliweka karantini juu ya mifugo ya Wakamba, ikitaja maradhi ya ng'ombe, na hivyo kuzuia mifugo hiyo isipite kuelekea sehemu za walowezi. Ng'ombe aliyetakiwa kupunguzwa hakuwa na njia halali ya kuuzwa kwa bei ya maana. Maziwa nayo hayakuwa na mahali pa kwenda. Chama cha ushirika cha maziwa cha KCC, kilichoanzishwa mwaka 1925, kilikuwa cha walowezi na kwa faida ya walowezi. Mkamba aliyekuwa na maziwa ya ziada aliyageuza samli, akaiuza dukani kwa Mhindi, na mambo yakaishia hapo.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema kwamba maafisa wa kikoloni waliota tu walipolalamikia hali ya udongo. Ardhi ya Machakos ilikuwa imeharibika kweli. Ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1920 na ule wa katikati ya miaka ya 1930 uliacha miteremko mitupu. Nyasi zikiliwa hadi shina mwaka baada ya mwaka, mizizi hufupika na kufa, na udongo mwekundu wa Ukambani hujikaza juu ukawa kama gamba. Mvua ikinyesha juu ya gamba hilo haiingii ardhini, huteleza na kubeba kila kilicholegea, na kuacha makorongo. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ambayo ilifanya kazi kati ya mwaka 1932 na 1933, iliitaja hali hiyo. Mwaka 1937, Colin Maher, afisa aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika taarifa kuhusu mmomonyoko katika hifadhi ya Wakamba iliyowatia hofu wakubwa wake. Picha zilizopigwa mwaka huo huo zinaonyesha vilima vilivyochubuka kama goti la mtoto aliyeanguka.

Ugonjwa ulikuwapo, basi. Mzozo ulihusu dawa. Serikali iliona ng'ombe waliozidi. Wenye ng'ombe waliona ardhi iliyopungua. Kila upande ulikuwa na ushahidi wake, lakini upande mmoja tu ndio uliokuwa na polisi.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kupunguza mifugo kwa lazima. Serikali ilipanga idadi ya ng'ombe ambayo kila eneo lingeruhusiwa kubaki nayo. Waliobaki walipigwa chapa, na wasio na chapa walitakiwa kupelekwa mnadani. Ili pawe na mnunuzi, kampuni ya Liebig, iliyokuwa na viwanda vya nyama Amerika Kusini na Rhodesia ya Kusini, ilikaribishwa kujenga kiwanda Athi River, karibu na reli, kati ya Machakos na Nairobi. Kiwanda hicho kilianza kazi mwaka 1938. Kiwanda cha kusindika nyama hakiwezi kuishi bila ng'ombe wengi na wa bei rahisi, na Wakamba hawakuchelewa kuunganisha mambo hayo mawili. Yaliyosemwa barazani yalikuwa ya udongo. Yaliyoonekana kwa macho yalikuwa bomba la moshi la Athi River. Mnunuzi alikuwa mmoja, mwuzaji hakuwa na hiari, na bei ilikuwa ya mnunuzi.

Ngelani haikuwa sehemu ya watu waliojificha na mambo ya kisasa. Watu wake walikuwa miongoni mwa Wakamba wa mwanzo kusoma, kuvaa viatu, kufanya biashara na kununua majembe ya kukokotwa na maksai, ambayo katika miaka ya 1930 yalikuwa yakienea Machakos. Huyo maksai naye alikuwa ng'ombe. Kumwondoa mtu ng'ombe kulikuwa kumwondolea pia nguvu ya kulimia, ile ile nguvu ambayo maafisa wa kilimo walikuwa wakimsifia. Upinzani haukuanzia kwa wazee wasiojua kusoma, kama wengi ofisini walivyotarajia. Ulianzia kwa watu waliojua kuandika barua, kukusanya michango na kutafuta wakili.

Hapo ndipo Muindi Mbingu alipojitokeza. Mwaka 1938 kilianzishwa chama kilichoitwa Ukamba Members Association, naye akawa sauti yake. Chama hicho hakikuwa na mali nyingi, lakini kilikuwa na jambo ambalo vyama vingine vya wakati huo vilikosa: hoja moja iliyoeleweka katika kila boma. Harry Thuku alikuwa amewakusanya wafanyakazi wa Nairobi mwaka 1922 kwa hoja ya kipande na kodi. Muindi Mbingu alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe alikuwa katika kila nyumba. Watu walikula kiapo cha kutouza mifugo wala kushirikiana na waliokuja kuihesabu, na katika nchi ya Wakamba kiapo hakikuwa maneno ya mdomoni tu. Aliyekivunja aliogopa kwa ajili ya nafsi yake na ya watoto wake. Machifu walioteuliwa na serikali walijikuta katikati. Mshahara ulitoka kwa mkuu wa wilaya, lakini majirani walikuwa wa Ngelani.

Muindi Mbingu alisafiri kutoka eneo hadi eneo akihutubia mikutano, na umati uliomfuata ulikua. Jambo la kutazamwa zaidi ni mipaka aliyoiweka. Hakuwaita watu wachukue mishale, ijapokuwa Wakamba walikuwa maarufu kwa upinde. Aliwaita wakatae kuuza, wachange fedha, waandike malalamiko, na wayafikishe kwa mkubwa kuliko wote. Njia hiyo iliwasumbua watawala kuliko vurugu, kwa sababu haikuwapa sababu ya kufyatua risasi.

Serikali ilipoona kwamba watu hawauzi, ilikamata. Ng'ombe wa Ngelani walikusanywa kwa nguvu na kuondolewa. Kilichofuata ndicho kilicholifanya jina la Muindi Mbingu lisisahaulike. Mwishoni mwa Julai 1938 watu wa Ngelani, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka majumbani mwao na kuelekea Nairobi kumwona gavana. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kupitia nyanda za Athi, katika majira ya baridi na upepo, na njia hiyo inapita karibu na kile kiwanda. Walifika wakiwa zaidi ya elfu moja. Walipiga kambi mjini, wakapika, wakalala, wakangoja, na wengine wakazidi kuwasili.

Gavana wa Kenya wakati huo alikuwa Sir Robert Brooke-Popham, mwanajeshi wa anga aliyezoea kutoa amri. Hakutaka kuwapokea Nairobi, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa kukubali kwamba raia wa Kiafrika anaweza kumwita gavana. Wao nao hawakutaka kuondoka kabla ya kusikilizwa. Majuma yakapita. Mji mkuu wa koloni, wenye hoteli na klabu zake, ukaishi na kambi ya wafugaji waliokaa kwa utulivu mkubwa. Ukawa pia mji wenye habari, kwani wafanyakazi, wachuuzi na askari walipita hapo na kuona kwa macho yao.

Kambi hiyo ilivuka mipaka ya kabila bila mtu kutangaza umoja wowote. Wanachama wa Kikuyu Central Association waliwasaidia Wakamba kwa ushauri. Isher Dass, mjumbe wa Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliichukua kesi yao na kuisemea katika baraza ambalo Waafrika hawakuwa na kiti. Jijini London, Jomo Kenyatta, ambaye mwaka huo huo alikuwa akichapisha kitabu chake kuhusu maisha ya Wakikuyu, aliandika katika gazeti la Manchester Guardian akieleza yanayowapata Wakamba. Jambo la zizi la Ngelani likawa jambo la kuulizwa Uingereza.

Ipo pia sababu ya kijeshi, na huenda ndiyo iliyopima zaidi katika mizani ya wakubwa. Wakamba walikuwa sehemu kubwa sana ya askari wa King's African Rifles na wa polisi. Waingereza wenyewe walikuwa wamewapachika sifa ya kabila la wapiganaji waaminifu. Mwaka 1938 Ulaya ilikuwa ikinuka vita, Italia ilikuwa tayari imeikalia Ethiopia upande wa kaskazini, na kila askari wa Kikamba aliyekuwa kambini alikuwa na baba, ndugu au shemeji mwenye ng'ombe. Serikali yenye busara haichukui ng'ombe wa baba na bunduki ikamwachia mwana.

Hatimaye gavana alikubali kukutana na watu, lakini Machakos, na kwa sharti kwamba warudi kwanza makwao. Walirudi. Baraza lilifanyika mwishoni mwa Agosti 1938. Waliokwenda wakitarajia kusikia kwamba amri imefutwa hawakusikia hivyo. Gavana alishikilia msimamo wa serikali kuhusu mifugo. Umati ulitawanyika bila kuridhika, na Muindi Mbingu akaendelea na mikutano yake.

Serikali ikaamua kuukata mti kwenye shina. Mwaka huo huo wa 1938 Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, bila ya kesi ambayo watu wake wangeweza kuihudhuria. Ilikuwa njia iliyozoeleka. Thuku alikuwa amepelekwa Kismayu miaka 16 kabla yake. Mtu wa vilima vya Iveti, aliyezoea asubuhi za ukungu na harufu ya zizi, alijikuta kwenye kisiwa cha mikoko na majahazi, mbali na watu aliowaongoza na mbali na jambo lenyewe. Watawala waliamini kwamba bila yeye mgomo ungekufa.

Haukufa. Watu waliendelea kukataa kuuza, na gharama ya kuwalazimisha ikawa kubwa kuliko faida. Kabla ya mwaka kwisha, serikali iliachana na mauzo ya lazima. Kisiasa ulikuwa ushindi wa nadra: amri ya serikali ya kikoloni ilirudishwa nyuma na wafugaji wasio na kura wala silaha. Lakini aliyewaongoza hakurudishwa pamoja na amri. Alikuwa bado uhamishoni vita vilipoanza Septemba 1939. Mwezi wa Mei 1940 serikali, ikitumia mamlaka ya wakati wa vita, ilipiga marufuku Ukamba Members Association pamoja na Kikuyu Central Association na Taita Hills Association, vyama vitatu kwa siku moja.

Wala ng'ombe hawakusalimika kabisa. Wakati wa vita serikali ilihitaji nyama kwa ajili ya majeshi, na mamlaka ya kudhibiti mifugo ilinunua ng'ombe wa Waafrika kwa viwango vilivyopangiwa kila wilaya. Kilichofukuzwa mlangoni mwaka 1938 kiliingia kwa dirishani miaka michache baadaye, safari hii bila kuutaja sana udongo. Kiwanda cha Athi River nacho kiliishi kuliko siasa iliyokizaa. Mwaka 1950 kilikuwa kitovu cha Kenya Meat Commission, shirika ambalo lingali hapo hadi leo, na ambalo mwaka 2020 liliwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi.

Swali ambalo Muindi Mbingu aliliacha mezani lilibaki hai: kama si kuwaondoa ng'ombe, basi malisho yatapona vipi? Baada ya vita serikali ilijaribu kulijibu kwa fedha na kwa ardhi mpya. Ardhi hiyo ilikuwa Makueni, ambayo wakati huo ilikuwa pori la mbung'o na wanyama wakali. Mwindaji J. A. Hunter aliajiriwa kuwaondoa vifaru, na kati ya mwaka 1944 na 1946 aliua karibu 1,000, idadi ambayo msomaji wa leo huisoma mara mbili. Pori lilifyekwa, mabwawa yakachimbwa, na familia kutoka vilima vilivyojaa zikahamishiwa huko kwa masharti: idadi ya mifugo, mahali pa kulima, matuta ya lazima. Wengi walisita. Masharti yalinukia yale ya 1938.

Kwenye vilima vya zamani watu walilazimishwa kujenga matuta kwa kazi ya pamoja. Matuta ya mwanzo yalikuwa membamba, yakabomoka mvua kubwa iliponyesha, na watu wakayachukia. Lakini wapo wakulima waliojaribu aina nyingine, ile ambayo udongo hurushwa upande wa juu wa mtaro, ikaitwa fanya juu, na hiyo ikashika. Ilikuwa na faida iliyoonekana msimu ule ule: maji yalibaki shambani na mahindi yakaiva. Baada ya uhuru, hakuna polisi aliyesimama kando, na matuta ndiyo yakaongezeka. Vikundi vya mwethya, ambavyo wanachama wake wengi walikuwa wanawake, viliyachimba kwa zamu, shamba hadi shamba.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos ya zamani, yaani pamoja na Makueni, kilichosomwa na wataalamu wa maendeleo duniani kote. Walizichukua zile picha za mwaka 1937 na kuhakikisha kwamba zinapigwa tena mwaka 1991 kutoka mahali pale pale. Vilima vilivyochubuka vilikuwa vimevaa matuta, miti na ua. Idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka karibu 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Wapo wataalamu waliosema picha hiyo inapendeza mno na kwamba familia maskini hazikunufaika sawa na wenye ajira mijini. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hata wakosoaji hawakudai kwamba jangwa lililotabiriwa mwaka 1937 lilifika.

Sehemu ya kisa hicho ilikuwa chini ya kwato. Ng'ombe hawakuondolewa; walibadilishiwa mahali. Kwenye vilima wengi waliacha kuzurura na wakafungwa karibu na nyumba, wakaletewa mabua ya mahindi, napia na nyasi za makarikari zilizopandwa kwenye kingo za matuta. Nyasi hizo hushika ukingo usibomoke, na hapo hapo hulisha. Mavi yaliyokuwa yakitawanyika porini yakawa yanakusanyika zizini na kubebwa kwa mkokoteni hadi shambani. Kwa njia hiyo ng'ombe ambaye mwaka 1938 alihukumiwa kuwa adui wa udongo ndiye aliyekuwa akiulisha.

Elimu ya viumbe vya udongo imeeleza kwa nini samadi inaweza kufanya kazi ambayo mbolea ya chumvichumvi peke yake haiwezi. Kijiko kimoja cha udongo wenye afya kina bakteria wasiohesabika. Hao pamoja na kuvu, minyoo na wadudu wanaoviringisha mavi na kuyazika ndio wanaovunja mabaki, kuyageuza kuwa chakula cha mizizi, na kuufanya udongo uwe na vitundu vya kupokea maji. Lile gamba gumu la juu hulegea kutoka ndani. Samadi ikikaushwa juani bila kivuli hupoteza sehemu kubwa ya naitrojeni yake kabla haijafika shambani, na ndiyo sababu wakulima hushauriwa kuifunika au kuichanganya na majani katika shimo la mboji.

Mikunde nayo ina siri yake. Mbaazi, kunde na fiwi, mazao yaliyozoeleka Kitui na Makueni, huhifadhi katika vifundo vya mizizi yao bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza chanjo ya bakteria hao, iitwayo Biofix, ambayo hupakwa kwenye mbegu kabla ya kupandwa. Kwa mwenye ng'ombe wa maziwa faida huwa mara mbili: jani la mkunde lina protini ambayo nyasi kavu za Agosti hazina, na ng'ombe asiye na protini hata akishiba hatoi maziwa. Ajabu ni kwamba wengi huilisha mifugo mabua matupu, ilhali majani ya mbaazi hupukutika shambani.

Kwenye nyanda za chini, ambako matuta na zizi la nyumbani havitoshi, kazi imekuwa ya kurudisha nyasi zenyewe. Kituo cha utafiti cha Kiboko, kando ya barabara kuu ya Mombasa katika Makueni, kimeshughulikia kwa miaka mingi nyasi za asili zinazostahimili ukame, miongoni mwao ile ambayo Wakamba huiita mbeetwa. Kwanza ardhi iliyo tupu hupasuliwa kwa jembe la maksai, mifereji myembamba ikikata mteremko, ili mvua ya kwanza isitoroke. Mbegu humwagwa juu juu, kwa maana ikizikwa sana haioti. Kisha, na hapa ndipo wengi hushindwa, shamba hufungwa mifugo isiingie hadi nyasi zitoe mbegu. Mchwa huchukua fungu lao. Mvua ikikatika katikati, kazi huanza upya.

Anayefaulu hupata nyasi, na pia mbegu za kuuza na marobota ya kuweka kwa ajili ya kiangazi. Ng'ombe wa kienyeji hutoa maziwa machache, lakini akila vizuri hukamuliwa muda mrefu zaidi baada ya kuzaa, na yule aliyechanganywa na Sahiwal huongeza bila kushindwa na joto la Kibwezi. Aina moja ya nyasi ndefu iliyochukuliwa katika nchi hii ilisafirishwa hadi Australia, ikaenezwa kwenye mashamba ya mifugo ya huko, na wafugaji wa Australia huiita Makueni bila kujua kwamba ni mahali.

Tangu mwaka 2013 Kitui na Makueni zina serikali zake za kaunti, na mambo ya kilimo na mifugo yamo mikononi mwake. Afisa wa mifugo anayefika bomani siku hizi huja na mbegu, chanjo na ushauri, na mwenye boma anaweza kumkatalia na kurudi zake kukamua. Nairobi, kwenye barabara yenye jina la Muindi Mbingu, nyama ya ng'ombe huuzwa kwa bei ambayo mwuzaji na mnunuzi wameafikiana.